Karne ya mpira redioni na mafundi tuliowasahau

Januari 2027 matangazo ya mpira wa miguu kwenye redio ya BBC yanatimiza miaka 100. Tarehe 22 Januari 1927, kutoka uwanja wa Highbury, London, wasikilizaji walifuatilia moja kwa moja mechi ya Arsenal na Sheffield United iliyoisha 1-1. Marekani walikuwa wametangulia kwa ndondi na besiboli tangu 1921. Jina la mtangazaji wa Highbury, Kapteni Teddy Wakelam, limo vitabuni. Majina ya waliovuta nyaya na kupanga mitambo siku ile huyasikii popote.

Miezi michache tu kabla ya hapo redio haikuwa na ruhusa ya kutangaza mchezo. Wenye magazeti na mashirika ya habari waliogopa kwamba mtu akishapata matokeo kwa sikio hatanunua gazeti, wakaibana BBC isitoe habari kabla ya saa moja jioni. Mbio za farasi za Derby za Juni 1926 zilipokaribia, mvutano ukaishia kwenye makubaliano ya ajabu: BBC ipeleke maikrofoni kwenye uwanja wa mbio hizo, Epsom, irushe vishindo vya kwato na kelele za watu, lakini asitokee mtu wa kueleza nani yuko mbele. Mafundi wakatega mitambo yao. Siku yenyewe ikanyesha mvua. Ardhi ikalainika, kwato zikapita bila kishindo, na watu waliojikunyata chini ya miamvuli hawakuwa na hamu ya kushangilia. Aliyekaa nyumbani kuisubiri Derby hakuambulia kitu.

Januari 1927 BBC ikawa shirika la umma na kizuizi kikaondolewa. Tarehe 15 mwezi huohuo Wakelam, mchezaji wa zamani wa raga, alitangaza mechi ya raga ya England na Wales kutoka Twickenham. Wiki moja baadaye ikaja Highbury.

Maandalizi ya matangazo hayo yanavutia kuliko mechi zenyewe. Wakelam aliwekwa kwenye kibanda cha mbao. Mtayarishaji wake, Lance Sieveking, alimkalisha mbele yake mtu asiyeona kutoka St Dunstan's, taasisi ya askari waliopofuka vitani, ili mtangazaji azungumze na binadamu badala ya kuzungumza na chuma. Ukutani pakabandikwa onyo kwamba asitukane. Jarida la Radio Times lilichapisha ramani ya uwanja iliyogawanywa katika miraba minane, na ndani ya kibanda sauti ya pili ikawa inataja namba ya mraba ulipo mpira. Msikilizaji akaweka kidole kwenye ramani, akaufuata mpira.

Kelele za uwanja zikabaki kuwa kazi ngumu. Bila kelele hizo mechi inapooza, na zikizidi mtangazaji anazama. Ukuta wa kioo unazuia kelele, lakini unamtenga mtangazaji na uwanja. Mwishoni mwa miaka ya 1930 wahandisi wa BBC walipata jibu bora zaidi: maikrofoni ya kushika mkononi, yenye kizuizi juu kinachoegemea mdomo wa juu. Kizuizi hicho kinaweka kati ya midomo na utepe mwembamba wa metali uliomo ndani umbali uleule, kama sentimita tano na nusu, hata mtangazaji akiruka kwa furaha. Utepe uko wazi pande zote mbili. Kelele za mbali zinaufikia mbele na nyuma kwa nguvu karibu sawa, zinauana. Sauti ya karibu inaupiga upande mmoja, inapita. Pumzi za pua na mdomo zinakingwa kwa vichujio. Fundi anaweka maikrofoni nyingine kuelekea majukwaani, kisha anachanganya sauti hizo mbili kwa vidole vyake mwenyewe: bao likiingia anapandisha mashabiki, mtangazaji akirudi kusema anawashusha. Chombo hicho kiliboreshwa miaka ya 1950, na kampuni ya Coles ya Uingereza bado inakitengeneza.

Kwetu Sauti ya Dar es Salaam ilianza 1951, ikaja kuwa Radio Tanzania, na Kiswahili kikapata watangazaji wa mpira waliojaza vibaraza na vijiwe kote Afrika Mashariki. Mwaka 2025 tuliwapoteza wawili wakubwa, Leonard Mambo Mbotela wa Kenya na Charles Hilary wa Tanzania. Rambirambi zilikuwa nyingi, na walizistahili. Lakini nani anamtaja fundi mitambo aliyekaa kando yao, hedifoni masikioni, akiomba laini ya simu isikatike dakika ya 89?

Siku hizi mitambo inaingia kwenye begi na sauti inasafiri kwa intaneti. Hata hivyo, fungua redio jioni ya ligi usikie: mtangazaji ameilamba maikrofoni hadi sauti inapasuka, mashabiki wako mbali kama wako mtaa wa pili. Vifaa vipo. Kinachokosekana ni vituo kumlipa na kumfundisha fundi kwa uzito uleule vinaompa mtangazaji.

AFCON 2027 imepangwa kuchezwa Kenya, Tanzania na Uganda, katika mwaka uleule matangazo ya mpira redioni yanapotimiza karne. Vituo vyetu vikiandaa vipindi vya kumbukumbu, viwaalike mafundi wastaafu wa Nairobi, Dar es Salaam na Kampala waingie studio, waeleze kwa sauti zao walivyotega maikrofoni na kuokoa matangazo, na vijana wanaokwenda kuhudumia mashindano hayo wakae nao wajifunze kazi.