Mchanga wa Thwake

Shuleni kwetu karibu na Wote, mruka juu alianzia kwenye jembe. Kabla ya mazoezi tulichimbua mchanga wa kiwanja mpaka ulegee, maana mvua ikiupiga na jua likiukausha, unaangukia kitu kigumu kuliko njia ya ng'ombe. Mchanga tuliuchota Thwake, mto ukiwa mkavu. Nguzo zilikuwa miti miwili iliyopigwa misumari kando, na ufito ulikuwa mlingoti wa mkonge, mwepesi, usioumiza paja ukiugonga. Wakati huo tulikuwa bado Wilaya ya Machakos. Makueni ilipewa wilaya yake mwaka 1992.

Nilipokwenda chuo cha ualimu kusomea cheti cha P1, nilidhani nitakuta godoro. Nilikuta shimo lingine la mchanga. Kazi yangu ya mruka juu wa chuo ilidumu miaka miwili, urefu wa kozi yenyewe, na yote niliifanya kwa mtindo wa mkasi: mguu wa ndani mbele, wa nyuma ufuate, utue kwa nyayo. Watu husema tulikuwa nyuma ya wakati. Mimi nakataa. Mchanga ndio uliotuchagulia mtindo.

Dick Fosbury, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Oregon State, alishinda dhahabu kwenye Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 kwa mita 2.24, akipita ufito kwa mgongo, kichwa kikitangulia. Lakini Fosbury alikuwa na sponji ya kumpokea, tangu shule ya sekondari. Picha yake ilipotufikia, kila kijana alitaka kujaribu. Mwalimu wa michezo alisimama mbele ya shimo akatwambia, "Shingo haina spea." Tukarudi kwenye mkasi.

Si kwamba kupinduka hewani kulikuwa kugeni kwetu. Wacheza ngoma wa Kikamba, Kitui na Makueni, hurushwa juu, hujipindua na kutua kwa miguu kwenye udongo mtupu, bila sponji wala mchanga. Mmoja wa wanachuo wenzangu alikuwa bingwa wa ngoma hizo. Alivuka ufito ulionishinda mimi, na mwamuzi akainua bendera nyekundu: alikuwa ameruka kwa miguu miwili, na sheria inataka mguu mmoja tu uache ardhi mwisho. Kosa jingine lingewaangusha hata wale warukaji wa Rwanda waliopigwa picha na msafara wa Mjerumani Adolf Friedrich wa Mecklenburg mwaka 1907, wakipita juu ya vichwa vya watu. Wao waliondokea juu ya kichuguu au jiwe, jambo lisiloruhusiwa mashindanoni.

Halafu kuna hili linalosahaulika, sasa ambapo Mkenya akitajwa kila mtu anafikiria mbio. Kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Vancouver, mwaka 1954, dhahabu ya kuruka juu ilikwenda kwa Emmanuel Ifeajuna wa Nigeria, aliyevaa kiatu kimoja, na fedha kwa Patrick Etolu wa Uganda. Miaka miwili baadaye, Kenya ilipokwenda Olimpiki kwa mara ya kwanza, Melbourne, Joseph Leresae alikuwamo kikosini kama mruka juu. Baada ya hapo mbio zikameza kila kitu, kwa sababu mbio hazidai godoro. Hata Kitui ilimtoa mwanambio, Benson Masya, bingwa wa dunia wa nusu marathoni mwaka 1992. Ndipo mwaka 2018, Asaba, Nigeria, Mkenya Mathew Sawe aliporuka mita 2.30 na kuwa bingwa wa Afrika wa kuruka juu.

Nilifundisha Kitui hadi nikastaafu, na bado huitwa kuamua michezo ya shule. Mchanga wenyewe umekuwa mali: Makueni ilitunga sheria ya kuulinda mwaka 2015, baada ya malori kuikomba mito. Makocha vijana hunionyesha video za kuruka kwa mgongo kwenye simu, na wana haki ya kutamani. Mimi nikifika kiwanjani nakanyaga shimo kwanza. Likiwa gumu, ufito haupandi. Wanafunzi wanarudi kuleta majembe, na mashindano yanasubiri.