Kwa Nini Ndoa Hutangazwa Kanisani Mara Tatu?



Miongoni mwa mambo yanayowachosha wachumba wanaojiandaa kufunga ndoa, mawili hutajwa daima. La kwanza ni tangazo linalosomwa kanisani Dominika tatu mfululizo, kana kwamba wachumba hao ni watuhumiwa. La pili ni kutakiwa kuleta cheti kipya cha ubatizo kutoka parokia walikobatizwa, ilhali cha zamani wanacho mkononi, na muhuri wake haujafutika. Anayetoka Dar es Salaam kufuata karatasi moja Songea ana haki ya kuuliza sababu. Sababu ipo, nayo ina umri wa zaidi ya miaka 800.

Tuanze na fundisho lenyewe. Kanisa la Magharibi limeshikilia tangu zamani kwamba kinachofanya ndoa ni ridhaa ya mwanamume na mwanamke wenyewe. Papa Alexander III, aliyeongoza Kanisa kuanzia mwaka 1159 hadi 1181, aliliimarisha jambo hilo katika sheria: watu wawili wasio na kizuizi wakitamkiana kwamba sasa wanapokeana kuwa mume na mke, wameoana. Hakuhitajika padre, wala shahidi, wala idhini ya baba. Fundisho hili lilikuwa ngao kwa vijana, hasa mabinti, ambao wazazi na watawala walizoea kuwaoza kwa faida ya ukoo. Lakini ngao hiyohiyo ilikuwa na tundu. Ridhaa iliyotolewa jikoni, shambani au njiani usiku ilikuwa halali mbele ya Mungu, lakini haikuweza kuthibitishwa mbele ya wanadamu. Mwanamume aliyemchoka mke wake wa siri alikana tu kwamba aliwahi kumwahidi lolote. Mahakama za Kanisa za Zama za Kati zilipokea mashauri mengi ya namna hii, na mara nyingi mlalamikaji alikuwa mwanamke. Alipoulizwa mashahidi wake wako wapi, hakuwa nao.

Mwaka 1215, chini ya Papa Innocent III, Mtaguso wa Nne wa Laterano uliagiza katika kanuni yake ya 51 kwamba mapadre wazitangaze ndoa hadharani kanisani na kuweka muda maalumu, ili mwenye kujua kizuizi ajitokeze. Padre naye alitakiwa kufanya uchunguzi wake. Ni busara iliyoje! Padre mgeni hawezi kujua nani ni binamu wa nani, lakini bibi aliyeketi benchi la nyuma anajua. Mababa wa Mtaguso hawakusahau fitina: waliagiza kwamba anayeleta kizuizi cha uongo kwa nia mbaya aadhibiwe. Hata hivyo, ndoa iliyofungwa kwa siri ilibaki kuwa ndoa. Ilikatazwa, wahusika waliadhibiwa, lakini haikubatilika, na kwa hiyo tundu lilibaki wazi kwa karne nyingine tatu na nusu.

Ndipo Mtaguso wa Trento, katika kikao chake cha 24 cha tarehe 11 Novemba 1563, ulipotoa dikrii ijulikanayo kwa neno lake la kwanza la Kilatini, Tametsi. Sababu iliyotolewa humo inasikitisha: wapo waliomwacha mke wa kwanza waliyemwoa kwa siri, wakamwoa mwingine hadharani, wakaishi naye katika uzinzi wa kudumu, na Kanisa, lisiloweza kuhukumu yaliyofichika, halikuwa na dawa. Tangu hapo ndoa ilihitaji Paroko na mashahidi wawili au watatu ili iwe halali, tena itangazwe siku tatu mfululizo za sikukuu wakati wa Misa. Paroko aliamriwa kutunza kitabu cha ndoa. Wajumbe wa mfalme wa Ufaransa walitaka idhini ya wazazi nayo iwe sharti la uhalali. Mtaguso ulikataa. Nadhani wengi wetu, tunaozisikiliza koo zikivutana juu ya mahari, hatujui kwamba jambo hilo lilijadiliwa na kuamuliwa zamani hivyo.

Dikrii hiyo nayo ilikuwa na mwanya wake. Ilidai Paroko awepo na asikie, haikudai akubali. Wachumba waliokataliwa wakawa wanamvamia na mashahidi wao na kutamka ridhaa mbele yake kabla hajakimbia. Mwandishi Mwitalia Alessandro Manzoni amelisimulia jambo hilo katika riwaya yake maarufu, ambamo padre mwoga anamfunika bibi harusi kichwa kwa kitambaa cha meza ili asimalize maneno yake. Isitoshe, Tametsi ilikuwa na nguvu mahali ilipotangazwa tu.

Papa Pius X aliyaziba hayo yote kwa dikrii Ne Temere ya tarehe 2 Agosti 1907, iliyoanza kutumika Pasaka ya mwaka 1908. Padre sharti aiulize mwenyewe ridhaa na kuipokea, bila kulazimishwa. Na hapa ndipo cheti chetu kinapoingia: ndoa ikishafungwa, habari zake ziandikwe pia katika daftari la ubatizo la kila mmoja. Ndiyo sababu cheti cha zamani hakitoshi. Kile kinaeleza hali yako siku kilipoandikwa. Kipya kinanakiliwa kutoka daftari lenyewe, pamoja na yote yaliyoongezwa pembeni baadaye.

Sheria za Kanisa za mwaka 1983 zimeuachia Baraza la Maaskofu la kila nchi utaratibu wa matangazo (kanuni ya 1067), ila zimewabana waamini wote kumwarifu Paroko au Askofu kizuizi wanachokijua kabla ya ndoa (kanuni ya 1069). Siri ya maungamo haimo katika wajibu huo. Serikali nazo zimeona haja hiyohiyo: Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 na ile ya Kenya ya mwaka 2014 zinadai taarifa ya siku 21.

Katika parokia ya mjini yenye maelfu ya waamini, tangazo huwapita wengi masikioni, na daftari hufanya kazi kubwa zaidi, mradi Paroko wa mahali ndoa ilipofungwa atume taarifa kule walikobatizwa kama kanuni ya 1122 inavyomtaka. Lakini daftari halijui mahari iliyotolewa kijijini wala cheti kilichoandikwa bomani. Kwa hiyo tangazo husomwa pia nyumbani kwa kila mmoja, ambako pengine yupo mwanamke anayelifahamu jina hilo kwa kuwa ndilo watoto wake wanalolitumia shuleni. Huyo na aje ofisini kabla ya Dominika ya tatu.