Mji Mkongwe wa Unguja na Mawe Yake

Msomaji, iko miji ambayo habari zake huhifadhiwa vitabuni, na iko miji ambayo habari zake zimejengwa kwa mawe na chokaa. Mji Mkongwe wa Unguja una mambo hayo mawili kwa pamoja. Atakaye kuusoma hana budi kutembea kwa miguu, maana vichochoro vyake ni vyembamba na majumba yake yamesimama ana kwa ana kama wazee walio barazani.

Kwa kijana wa Kenya mji huu si mgeni. Ukanda wa pwani yetu, wenye upana wa maili 10 kutoka baharini, ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Unguja hata mwaka 1963, ingawa Waingereza ndio waliousimamia. Tena Kiswahili tunachokisoma shuleni kilisanifiwa kwa kufuata lahaja ya Unguja. Basi aendaye kuuzuru mji huu huzuru sehemu moja ya historia yake mwenyewe.

Twende kwanza ufukoni, mahali paitwapo Forodhani. Hapo utaiona Ngome Kongwe, yenye kuta nene na minara. Waomani waliijenga baada ya kuwashinda Wareno, ambao walipoteza Fort Jesus ya Mombasa mwaka 1698. Mahali iliposimama ngome hiyo palikuwa na kanisa la Wareno. Hivyo ndivyo zilivyo dola: ile ijayo hujenga juu ya magofu ya ile iliyopita. Ukuta uliojengwa kwa ajili ya vita siku hizi huzunguka uwanja ambamo watu hukaa kusikiliza muziki na kutazama michezo.

Unguja ulipata kuwa mji mkuu wa dola kubwa kwa sababu ya Sayyid Said bin Sultan. Mtawala huyu wa Oman alihamishia baraza lake hapa mnamo mwaka 1840, akaiacha Muscat. Hakuvutwa na uzuri wa mahali tu. Kisiwa kilikuwa na bandari njema, maji matamu, na ardhi iliyokubali mikarafuu. Na pembe za ndovu kutoka bara zilipitia hapa kwenda Bara Hindi, Ulaya na Marekani. Alifariki baharini mwaka 1856. Mwaka 1861 Oman na Unguja zikatenganishwa, kila nchi ikawa na mtawala wake.

Mwanawe, Sayyid Barghash, ndiye aliyejenga nyumba iliyopata sifa kuliko zote, Beit el-Ajaib, maana yake Nyumba ya Maajabu. Ilijengwa mwaka 1883 kukabili bahari, nayo ikazungukwa na roshani pana zilizoshikwa na nguzo za chuma. Ilikuwa ndefu kupita majumba yote ya mji, tena ndiyo ya kwanza Unguja kuwashwa taa za umeme. Nahodha aliyetoka mbali aliiona kabla ya kuyaona mapaa ya nyumba nyingine.

Lakini fahari haizuii mizinga. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki, na Khalid bin Barghash akaingia jumbani kushika ufalme bila ya idhini ya Waingereza. Wakamwamuru atoke kabla ya saa tatu ya asubuhi tarehe 27. Alipokataa, manowari zao zikafyatua mizinga. Vita havikutimiza saa moja, navyo huhesabiwa kuwa vifupi kuliko vyote vilivyoandikwa katika historia. Hata hivyo, watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Khalid akakimbilia kwa Wajerumani, na baada ya miaka mingi ya uhamishoni akafia Mombasa mwaka 1927. Mnara wa taa uliokuwa mbele ya Beit el-Ajaib uliharibiwa, na majumba ya jirani yakabomoka.

Sasa, msomaji, iache bahari nyuma yako, uingie ndani ya mji mpaka Mkunazini. Mwendo si mrefu, lakini ni mzito. Hapo palikuwa na soko ambapo binadamu waliuzwa kama mbuzi. Waliletwa kutoka bara, wengi wao kutoka pande za Ziwa Nyasa. Wengine wakasafirishwa ng'ambo, wengine wakapelekwa kulima mashamba ya mikarafuu. Mwaka 1873 Sayyid Barghash, kwa kushurutishwa na Waingereza, alitia sahihi mkataba wa kulifunga soko hilo. Krismasi ya mwaka ule ule likawekwa jiwe la msingi la kanisa kuu la Kianglikana. Askofu Edward Steere, ambaye pia aliandika vitabu vya kufundisha Kiswahili, alisimamia ujenzi wake, naye amezikwa nyuma ya madhabahu. Nje ya kanisa, ndani ya shimo, zimesimama sanamu za watumwa zilizofungwa minyororo shingoni. Zilichongwa na Clara Sörnäs mwaka 1998.

Usidhani kwamba soko lilipofungwa utumwa ulikwisha. Hali ya utumwa haikufutwa katika sheria ya Unguja hata mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya hata mwaka 1907.

Watazamaji wengi huyasifu majumba kisha huyasikitikia masoko, kana kwamba ni habari mbili. Habari ni moja. Karafuu zilizochumwa na mikono ya watumwa zilileta sehemu kubwa ya mali iliyoufanya mji huu kuwa mji mkuu wa fahari. Anayeitazama Nyumba ya Maajabu bila ya kulikumbuka shimo la Mkunazini ameona nusu. Na anayelitazama shimo asitake kuuona ustadi wa mafundi, naye pia ameona nusu.

Mwaka 2000 Mji Mkongwe uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Hata hivyo, jina kubwa halitegemezi dari. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya mbele ya Beit el-Ajaib ilianguka wakati wa kukarabatiwa, na watu wawili wakafa. Nyumba iliyopona mizinga ya mwaka 1896 ilishindwa na mvua, chumvi ya bahari na miaka mingi ya kutotunzwa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Basi, kijana, ufikapo katika mji wowote wa kale, uliza mambo matatu: ni nani aliyejenga, ni nani aliyelipa, na ni nani atakayetunza? Maswali mawili ya kwanza watayajibu waliotutangulia. La tatu litajibiwa na wewe.