Chombo Kidogo, Bahari Kubwa: Vyombo vya Mfano na Historia ya Mtepe

Taifa huhifadhi historia yake kwa njia nyingi: kwa maandishi, kwa masimulizi ya wazee, kwa nyimbo na kwa majengo. Iko njia nyingine ambayo aghalabu hatuipi heshima yake, kwa kuwa tunaiona kuwa ni mchezo wa watoto au pambo la sebuleni. Njia hiyo ni kazi ya kuunda vyombo vidogo vya mbao, mfano wa majahazi, mashua na ngalawa. Madhumuni ya insha hii ni kuonyesha kwamba chombo kimoja mashuhuri cha pwani yetu kimebaki katika ujuzi wa watu kwa msaada mkubwa wa mifano yake midogo, na kwamba elimu itokanayo na mifano hiyo ni mali ya mwananchi wa Igawa, kando ya Mto Mbarali, sawasawa na ilivyo mali ya mwananchi wa Bagamoyo au Pemba.

Chombo ninachokikusudia ni mtepe. Mtepe ulikuwa chombo cha kushonwa. Mbao zake hazikupigiliwa misumari ya chuma, bali zilitobolewa matundu kwa keekee, zikaungwa kwa vijiti vya mti, kisha zikashonwa kwa kamba za usumba, yaani nyuzi zitokanazo na makumbi ya nazi. Tanga lake lilikuwa la pembe nne, nalo lilifumwa kwa ukindu au miyaa kama mkeka. Omo wake ulijitokeza mbele kama shingo ndefu, na wenyeji walisema kuwa ulichongwa kwa mfano wa kichwa cha ngamia. Waundaji wake waliojulikana zaidi katika karne ya 19 walikuwa Wabajuni wa visiwa vya Lamu, na shehena yake kubwa ilikuwa boriti za mikoko zilizopelekwa Mombasa na Unguja kwa ajili ya kuezekea nyumba.

Ufundi wa kushona vyombo katika pwani hii ni wa kale mno. Kitabu cha Kiyunani kiitwacho Periplus, kilichoandikwa katika karne ya 1 baada ya Kristo, kinataja mitumbwi na vyombo vya kushonwa katika kisiwa cha Menouthias, na kinaeleza kuwa bandari ya Rhapta ilipewa jina hilo kwa sababu ya vyombo hivyo vya kushonwa. Wareno wa msafara wa Vasco da Gama walipofika Msumbiji mwaka 1498 waliona vyombo visivyo na misumari, vilivyofungwa kwa kamba na kuvutwa na matanga ya mikeka. Basi kwa muda usiopungua miaka 1,400 wageni walioandika habari za pwani yetu walistaajabia jambo lile lile.

Pengine mwanafunzi atauliza: je, wazee wetu walishona kwa kuwa hawakujua chuma? La, hasha. Chuma kilifuliwa bara na pwani tangu zamani. Lakini msumari wa chuma ulikuwa ghali na ulipata kutu katika maji ya chumvi, ilhali nazi zilikuwa tele. Zaidi ya hayo, chombo kilichoshonwa kina unyumbufu. Kikipwelewa juu ya mchanga au kikigongwa na wimbi, mbao zake hulegea kidogo na kurudi mahali pake, badala ya kupasuka. Tena kamba iliyooza ingeweza kukatwa na kushonwa upya hapo hapo ufukoni. Hii ilikuwa hekima iliyotokana na mazingira, si upungufu wa akili.

Hata hivyo, mambo yalibadilika. Katika karne ya 19 misumari ya kiwandani na kitambaa cha tanga viliingia kwa wingi, na jahazi lililopigiliwa misumari, lenye tanga la pembe tatu, lilionekana kuwa na faida zaidi. Mtepe ulivuja mno, na mabaharia wake walilazimika kuteka maji ya ngama bila kupumzika. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 mtepe ukatoweka. Mafundi walioujua wakazeeka, wakafariki mmoja baada ya mwingine, wala hawakuacha ramani ya karatasi, kwani fundi wa chombo wa pwani hakuwa na desturi ya kuchora ramani. Kipimo chake kilikuwa shibiri, dhiraa na jicho.

Hapo ndipo tunapoiona thamani ya chombo kidogo. Picha ya mtepe inatuonyesha ubavu mmoja tu. Michoro ya vyombo iliyokwaruzwa juu ya lipu za kuta za kale katika pwani yetu, kama ile ya Kilwa, ambayo Peter na Margaret Garlake waliiandikia makala mwaka 1964, inatupa umbo la mlingoti na tanga, lakini haituambii ndani mlikuwaje. Lakini mfano wa mbao unaweza kugeuzwa, kuinamishwa na kuchunguliwa. Mtu ataona mkuku ulivyounganishwa na omo, jinsi mbao za ubavu zinavyokutana kwenye tezi, na mahali mlingoti unapokaa. Mifano ya mtepe imehifadhiwa katika makumbusho ya Lamu na ya Ngome ya Yesu, Mombasa, na mingine ilichukuliwa hadi Ulaya.

Mwaka 2003, katika jumba la Beit-al-Ajaib mjini Unguja, iliundwa nakala ya mtepe ikapewa jina la Shungwaya, yaani nchi ya asili inayotajwa katika masimulizi ya jadi ya pwani. Waundaji wake walitegemea picha za zamani, maelezo ya maandishi na mifano midogo iliyosalia. Tutafakari jambo hilo. Chombo kikubwa kilimzaa mtoto wake, yaani mfano, mzazi akafa, kisha mtoto akasaidia kumfufua mzazi. Mwaka 2020, tarehe 25 Desemba, sehemu ya jumba lenyewe ilianguka. Msiba huo unatukumbusha kwamba hata makumbusho hayana ahadi ya milele. Elimu iliyowekwa mahali pamoja iko hatarini. Iliyoenezwa katika mikono mingi ina matumaini ya kuishi.

Wala jambo hili si la pwani yetu pekee. Katika nchi ya Misri, mwaka 1920, wachimbuzi walifukua katika kaburi la Meketre, mkuu wa serikali aliyeishi takriban miaka 4,000 iliyopita, mashua ndogo za mbao zikiwa na makasia, matanga na mabaharia wake wa kuchongwa. Mashua hizo ziliwekwa ili zimtumikie marehemu katika safari za ahera, lakini leo zinatumikia elimu ya walio hai. Na huko Omani, nchi iliyofungamana na pwani yetu kwa pepo za kaskazi na kusi, ufundi wa kushona ulihuishwa mwaka 1980 ilipoundwa merikebu ya Sohar. Chombo hicho, kikiwa chini ya Tim Severin, kilisafiri hadi China na kufika mwaka 1981.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Kuunda jahazi dogo kama inavyotakiwa ni kupita katika hatua zote za kuunda jahazi kubwa. Fundi hulaza mkuku kwanza, kisha husimamisha omo na fashini, hutia mataruma, ndipo hufunga mbao za ubavu na kuzikalafati kwa pamba na mafuta. Mlingoti husimamishwa ukiinama kidogo kuelekea mbele. Foromali hupandishwa kwa henza. Tanga hukatwa na kushonwa. Shoka, tezo, patasi na keekee hubaki zile zile, ila mkono hulazimika kuwa mwepesi zaidi. Kwa hiyo mwanagenzi anayejifunza kwa chombo kidogo hujifunza pia lugha. Maneno kama fashini, taruma, ngama, demani na goshi hayafundishiki vyema kwa kukariri, bali hukaa akilini pale mkono unaposhika kitu kinachotajwa. Chombo kinapokufa, msamiati wake nao huanza kufa.

Liko pia somo la hesabu na sayansi. Tuchukue jahazi tulipunguze vipimo vyake vyote hadi sehemu 1 ya 10. Urefu umepungua mara 10, lakini eneo la tanga limepungua mara 100, na uzito mara 1,000. Upepo wa Mungu, lakini, haupungui. Ndiyo maana jahazi dogo lililoigizwa kwa uaminifu mtupu hupinduka upesi likitiwa majini, ingawa lile kubwa hutulia. Watoto wa pwani wanalijua jambo hili bila kulisoma: hufunga jiwe au kipande cha chuma chini ya mkuku, au hupunguza tanga, au huunda ngalawa yenye matengo pande zote mbili. Mtoto anayeshindanisha ngalawa yake ufukoni wakati maji yanapojaa hachezi tu. Anafanya majaribio, anapima, anasahihisha. Hapa tunajifunza tofauti kati ya kuiga na kufahamu. Anayeiga hupunguza kila kitu sawasawa. Anayefahamu hujua kipi kipunguzwe na kipi kiongezwe.

Lakini mwanahistoria hana budi kuwa mwangalifu. Mfano wa chombo ni shahidi, na shahidi huhojiwa. Fundi aliyeunda ili auze huenda akarefusha omo, akazidisha nakshi na bendera, maana mnunuzi hupenda kilicho kizuri. Inafaa mfano ulinganishwe na picha na maandishi kabla ya kusadikiwa. Tena kuna mambo ambayo mfano haukuonyesha kamwe. Majahazi ya karne ya 19 hayakuchukua boriti, karafuu na tende tu. Yalichukua pia binadamu waliotekwa bara na kupelekwa Unguja na ng'ambo, mpaka Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 uliopiga marufuku kuwasafirisha kwa bahari. Ngama ya jahazi la pambo ni tupu na safi. Mwalimu anayeliweka mbele ya darasa anao wajibu wa kuijaza ngama hiyo kwa maneno ya kweli.

Na kwa njia hiyo tunafika Igawa. Wako watakaosema kwamba majahazi hayatuhusu sisi wa nyanda za juu. Kwamba watoto wetu, waishio kando ya barabara kuu iendayo Tunduma, huunda magari ya miti na makopo kwa kuwa malori ndiyo wanayoyaona. Kauli hiyo ina ukweli nusu. Ni kweli kwamba mtoto huunda anachokiona. Lakini Usangu haikuwa mbali na bahari kama tunavyodhani. Misafara ya pembe za ndovu ilipita katika nchi ya Merere katika karne ya 19, na Frederic Elton, balozi wa Uingereza huko Msumbiji, aliyepita humo mwaka 1877, aliukuta mji wa mtawala huyo ukiwa katikati ya vita. Pembe zilizobebwa mabegani kutoka bara ziliishia katika ngama za majahazi. Historia ya jahazi, kwa heri na kwa shari, ni historia yetu pia.

Hata maji yanathibitisha udugu huo. Mto Mbarali unaopita Igawa humwaga maji yake katika Ruaha Mkuu. Ruaha Mkuu hupita bonde la Ihefu, ambako wavuvi walitumia mitumbwi kabla ya eneo hilo kuingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 2008. Kisha huteremka hadi Mtera na Kidatu na kuungana na Rufiji. Rufiji nao huingia baharini mkabala na kisiwa cha Mafia, kwenye delta ya mikoko iliyotoa boriti kwa karne nyingi. Baharia na mwandishi Alan Villiers, aliyesafiri na jahazi la Kuwait mwaka 1938 na 1939, alifika huko Rufiji na mabaharia waliokwenda kupakia boriti hizo. Kijahazi kitakachotiwa Mbarali hakitafika Mafia, maana mabwawa yamekingama njiani, na tangu miaka ya 1990 Ruaha Mkuu hukauka katika sehemu zake wakati wa kiangazi. Lakini mwanafunzi atakayeuliza kwa nini hakitafika atakuwa amefungua somo zima la jiografia ya nchi yake.

Kwa hiyo napendekeza jambo jepesi lisilohitaji fedha nyingi. Vipande vya mbao vinavyotupwa katika karakana za useremala vinatosha. Mwalimu wa historia aeleze mtepe. Mwalimu wa hisabati atoe vipimo. Mwalimu wa Kiswahili akusanye majina ya viungo vya chombo. Na wanafunzi waunde. Asiwepo atakayekatazwa kuunda gari badala ya jahazi, kwani lori la Igawa nalo litakuwa historia siku moja, na atakayekuja atatafuta mfano wake. Sharti liwe moja tu: anayeunda aunde kwa kupima, na awe tayari kueleza kila kiungo kina kazi gani.

Wahenga walinena: tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mtu hata akikimbilia mbele au nyuma ya chombo, mwisho hurejea katikati, mahali shehena ilipo. Nasi tumekwenda mbele kwa meli za chuma na boti za mashine, na ni vyema iwe hivyo. Lakini shehena ya ujuzi wa wazee wetu ingali ngamani. Mtepe ulikaribia kuzama nayo, ukaokolewa na mikono ya mafundi waliokubali kufanya kazi kubwa kwa kipimo kidogo. Mashua na ngalawa zingali zikisafiri, na mafundi wake wako hai. Wapimwe maneno yao na vyombo vyao leo, wakiwepo kutusahihisha.