Moshi na vumbi katika picha za setilaiti: Mlalo na Usambara Magharibi

Ufuatiliaji wa moshi na vumbi kwa setilaiti ni kazi ya kutambua chembe zinazopeperushwa hewani, zilikotoka na zinakoelekea. Mlalo, katika Wilaya ya Lushoto mkoani Tanga, panaonyesha vizuri uwezo wa kazi hiyo na mipaka yake: juu kuna msitu wa Shagayu wenye ukungu mwingi, na chini ya milima zimetandaa nyika kavu za Umba na Mkomazi.

Moto hutambuliwa kwa joto lake. Kihisi cha MODIS, kilichobebwa na setilaiti Terra mwaka 1999 na Aqua mwaka 2002, huigawa ardhi katika vipande vya upana wa kilomita 1. VIIRS, kihisi kipya zaidi kilichorushwa mara ya kwanza mwaka 2011, kimeshusha upana huo hadi mita 375. Kipande chenye joto kupita majirani zake huwekewa kitone chekundu katika FIRMS, ramani ya NASA inayofunguliwa bure kwenye intaneti. Kitone huonyesha katikati ya kipande, si pale hasa panapowaka, na milimani mita mia mbili zatosha kukupeleka bonde lisilohusika.

Ramani isiyo na kitone si ushahidi kwamba hapakuwa na moto. VIIRS hupita karibu saa saba na nusu mchana na usiku. Mkulima aliyechoma mabua asubuhi akayazima haonekani. Moto unaotambaa chini ya miti mirefu hufichwa na majani, na mawingu yakitanda Shagayu hakuna kinachoonekana kabisa. Ndiyo maana taarifa za wanavijiji na walinzi wa misitu hazina mbadala. Baadaye, mbingu ikitakata, setilaiti ya Sentinel-2 yenye vipande vya mita 10 huweza kuonyesha kovu la eneo lililoungua.

Moshi huonekana kama utando wa kijivu unaoanzia penye moto na kupanuka kufuata upepo. Vumbi ni gumu zaidi, kwa kuwa hufanana rangi na ardhi kavu iliyo chini yake. Setilaiti ya Meteosat, kwenye kimo cha takriban kilomita 36,000, hulinganisha mawimbi ya joto ya urefu tofauti. Kwa ulinganisho huo, katika picha zake vumbi hupakwa rangi ya waridi, hata usiku.

Picha hizo hazisomeki bila kujua pepo. Wakati wa kusi miombo ya bara huungua sana, lakini upepo hutoka baharini na kuusukuma moshi huo magharibi, mbali na Usambara. Moshi unaoonekana Mlalo mwezi Julai basi utafutiwe chanzo karibu kwanza. Kaskazi, kuanzia Desemba, hupita nyika ya Taru nchini Kenya kabla ya kugonga milima, na huweza kuleta vumbi.

Setilaiti hupima jumla ya chembe kutoka ardhini hadi juu angani. Moshi unaopita juu ya vilele na ule uliotuama bondeni usiku wa baridi huweza kutoa kipimo kilekile; kujua kinachovutwa na watoto wa Mlalo kunahitaji kipimahewa kilichowekwa kijijini.