Bwaki: wamama walilipa jina mbele ya wanganga

Jina kwashiorkor ambalo wanafunzi wauguzi wanakariri darasani ni la Waga wa Ghana ya leo. Dr Cicely Williams alilitangaza mwaka 1935 katika jarida la The Lancet. Kwa Waga, ni ugonjwa wa mtoto anayeachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake amezaliwa.

Huku Kivu wamama walikuwa na jina lao, bwaki. Watafiti wa Lwiro, karibu na Bukavu, waliandika jina hilo hilo.

Bwaki inadanganya macho. Miguu na mashavu vinavimba maji, jirani anasifu: mtoto amenona! Familia iliyokimbia vita, ikila bugali wa muhogo bila maharagi wala ndagala wiki kwa wiki, iko katika hatari zaidi, na hilo si kosa la mama.

Muuguzi anabonyeza kidole gumba juu ya miguu yote miwili kwa sekunde tatu. Shimo likibaki pande zote mbili, mtoto anapelekwa kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama utepe wa mkono unaonyesha kijani.