Msomaji, mizani na daftari la wapiga kura



Tangu tarehe 19 Juni 2025, siku lilipozinduliwa Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takribani kilomita 3, tunavuka Ghuba ya Mwanza kwa dakika chache. Waliozoea kulala wakingojea pantoni wanajua tumepata nini. Wanajua pia nani amepoteza: vijana waliokuwa wakiuza samaki na mahindi ya kuchoma kwenye foleni ya magari. Vijana haohao ndio wanaotuuliza maswali mawili, nayo hatuoni vema kuyapuuza. Shule inatufaa nini? Na kujiandikisha kupiga kura kunatufaa nini? Tuwajibu kwa historia ya pande hizi mbili za ghuba yetu.

Ng'ambo ya Busisi, si mbali na Kigongo, ipo Bukumbi. Mapadre Weupe walioondoka Buganda mwaka 1882 walikuja pwani hii ya kusini ya ziwa, na mwaka 1883 wakaanzisha hapo misioni. Mwaka 1888, walipofukuzwa tena Buganda, Bukumbi ikawa kimbilio lao pamoja na waamini wao. Tukumbuke kwamba huko Buganda aliyejiunga na dini aliitwa msomaji. Neno moja lilitosha kumtaja mwenye kusali na mwenye kujua herufi. Kwa hiyo elimu ya kitabu ilifika ghuba hii mikononi mwa wakimbizi, kabla hakujawa na serikali ya kikoloni ya kuwajengea shule.

Baadaye ikaja pamba. Mkulima wa Usukuma na Uzinza alibeba mzigo wake hadi kwa mnunuzi, ukawekwa juu ya mizani, akatajiwa namba. Asiyejua kuisoma mizani alipokea alichopewa, akarudi nyumbani akinung'unika. Karibu na mwaka 1950 wakulima walichoka, wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe, watu wanaojua kusoma, wasimame kando ya mizani ya mnunuzi. Kutokana na jambo hilo dogo kikakua chama baada ya chama, hata mwaka 1955 vikaungana kuwa muungano mkubwa wa ushirika uliojulikana kama VFCU, chini ya Paul Bomani. Hakuna mfano wa faida ya darasa tunaoupenda kuliko huu. Waliosoma hawakuondoka kijijini kwa sababu ya kusoma; walisimama penye mizani kwa niaba ya wazazi wao.

Siasa haikuwa rahisi hivyo. Usukumani TANU ilinyimwa ruhusa ya kufanya kazi kuanzia mwaka 1954 hadi 1958. Mwaka huo wa 1958 serikali iliwaletea watu wa Geita, wilaya ambayo wakati ule iliibeba pia Sengerema yetu, baraza lenye wajumbe wa Kizungu na Kihindi, ingawa watu wa jamii hizo walihesabika kwa vidole. Wananchi walikuwa tayari na uchungu wa amri za mifugo na kilimo walizotungiwa bila kuulizwa. Wakalikataa baraza. Umati ukaenda hadi Mwanza kuonana na wakubwa, ukatawanywa kwa mabomu ya machozi. Lakini mpango ule wa mabaraza haukudumu.

Sasa tazameni ajabu hii. Katika uchaguzi wa kwanza wa Tanganyika, uliofanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, mpiga kura alitakiwa awe na elimu, au kipato, au cheo kilichotajwa na sheria. Wengi wa walioandamana kutoka Geita hawakuwa na kimoja kati ya hivyo. Waliopata haki ya kuandikwa walikuwa wachache mno, na kila mmoja alilazimishwa kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Kura tatu hizo ziliwaudhi wengi. Januari 1958, mkutanoni Tabora, Mwalimu Nyerere, ambaye aliwahi kufundisha katika mji huohuo shule ya St. Mary's, aliwashawishi wenzake waingie katika uchaguzi huo. Zuberi Mtemvu alikataa, akajitoa na kuunda chama chake, ANC. Hatusemi Mtemvu hakuwa na hoja, alikuwa nayo. Hata hivyo viti vyote 30 vilikwenda kwa TANU na waliokuwa wakiungwa mkono nayo, na Desemba 1961 nchi ikawa huru.

Vijana hutujibu kwamba mwaka 1958 sheria ilikuwa mbaya lakini hesabu ya kura iliaminika. Tangu tarehe 29 Oktoba 2025 jibu hilo limekuwa zito. Siku ile na zilizofuata watu waliuawa katika miji kadhaa, Mwanza ikiwamo, na maaskofu wetu walilaani mauaji hayo mwezi uliofuata. Hatuna neno jepesi la kumwambia kijana aliyempoteza rafiki yake. Tunachoweza kumwambia ni kwamba kuandikwa katika daftari si kukiri kuwa mambo yako sawa. Ni kushika mahali pa kudai, kama mpimaji yule aliyesimama kando ya mizani asiyoiamini. Angeiamini, asingekuwa na haja ya kusimama pale.

Kuhusu shule tutasema kwa ufupi, maana wazazi wanajua. Ada ya sekondari za serikali hadi kidato cha nne iliondolewa Januari 2016, na tangu Novemba 2021 binti aliyejifungua anaruhusiwa kurudi darasani. Na bado wavulana wanatoroka kwenda kwenye mwalo kuvua dagaa, au kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita, kwa sababu fedha ya pale huonekana jioni ileile.

Kwa wavuvi hao hao tuna jambo la mwisho, la kawaida kabisa. Aliyeandikishwa Ukerewe na sasa anaishi Busisi anapaswa kuhamisha taarifa zake wakati Daftari la Kudumu linapoboreshwa, la sivyo siku ya kura jina lake litabaki kisiwani. Atakayetimiza miaka 18 siku ya uchaguzi anaandikishwa hata kama leo ana 17. Na uchaguzi wa kijiji na kitongoji una orodha yake pekee, inayoandikwa upya kila mara. Kadi ya mpiga kura haimwingizi mtu humo.